Sketi ya Asteria na Redio ya Mzee Likongo

Nyie vijana mnaotengeneza simu hapa Mbagala, mie nawapenda, lakini mnaniumiza roho. Juzi nimepeleka kisimu changu kwa mmoja wenu. Kakifungua vizuri, mikono myepesi, skrubu kazipanga kwa mfuatano, nikasema moyoni hapa leo nimefika kwa fundi. Halafu akaitoa ile bodi, akailaza juu ya mfuko wa nailoni, akaipangusa kwa pindo la jezi yake ya mpira, akaipuliza kwa mdomo kama anapuliza chai. Nikamwambia, baba, hapo umeshaiua. Akacheka, akaniambia bibi usihofu, hii itawaka sasa hivi. Na kweli ikawaka. Ndiyo maana hamnisikii.

Ukutani kwake, kwenye msumari, kulikuwa na ule mkanda wa kuvaa mkononi wenye waya wake wa msokoto. Bado una nailoni ya dukani. Nikamuuliza huo wa nini. Akasema ulikuja na boksi la vifaa, hajawahi kuuvaa, unambana.

Basi kaeni niwasimulie. Sina haraka, nimestaafu, na wajukuu zangu wamechoka kunisikiliza.

Jina langu Mwanahawa, mzaliwa wa Temeke, na mama yangu pia. Miaka yangu yote ya kazi nimeshika solda, chuma cha moto cha kuunganishia nyaya. Nilikuwa fundi kwenye karakana ya shirika moja la umma huku Temeke, shirika lenyewe halipo tena na majengo sasa ni maghala ya saruji. Tulikuwa tunatengeneza redio za upepo. Nyie hamzijui. Kabla ya simu hizi, hospitali ya wilaya kule Tunduru ikiishiwa damu au dawa, daktari anakaa mbele ya redio ya upepo anaita, anaita, mpaka mtu wa mkoani amjibu. Redio ikifa, amekaa na mgonjwa wake kimya. Kwa hiyo kazi yetu haikuwa ya muziki.

Aliyenifundisha ni Mzee Likongo, fundi mkuu wetu, Mmakonde wa Newala. Ujanani alikuwa mchonga vinyago kama baba yake, kisha akaona redio ya mzungu imefunguliwa, basi vinyago vikaishia hapo. Alikuwa mtani, mropokaji, na mbishi kupita kiasi. Ukimpelekea redio ukamwambia imekufa, anakuuliza imekufa na nini. Ukisema sijui, anakurudishia. Alitufundisha kuinusa redio kabla ya kuipima. Nuseni, jamani. Kila kitu kilichoungua kina harufu yake, waya una yake, rezista ina yake, na panya aliyekufa ndani ana yake pia. Hiyo ya panya niliijua siku ya kwanza kazini, nikakaa nusu saa napima umeme kumbe tatizo lina mkia.

Redio za zamani zilikuwa za valvu, zile taa za kioo. Hizo zilikuwa na roho ya paka. Inalala, unaipiga kofi, inaamka. Zikaja za transista, nazo zikavumilia. Halafu, miaka ile ya foleni, ambapo sabuni ukiiona unauliza kwanza kama ni ya kweli, zikaletwa redio mpya za msaada. Ndani yake hakuna valvu, kuna vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama tandu. Ndizo hizo aisii. Mzee Likongo alikishika kimoja akakigeuza geuza, akasema kazi ya mafundi kumi imefungwa humu, sasa hao mafundi wanakula nini? Tulicheka. Hatukujua kwamba kina tabia za mwali, hakitaki kuguswa ovyo.

Pamoja na redio zile kikaja kiyoyozi. Vyombo vya kupimia vilitaka ubaridi na chumba kisicho na vumbi, kwa hiyo kikatengwa chumba kimoja, kikapakwa rangi nyeupe, kikawekwa kabati la chuma na stuli mbili zenye mito ya plastiki. Wafanyakazi wakakiita Chumba cha Ulaya. Jua la Temeke mnalijua. Kila mtu alikuwa anatafuta sababu ya kuingia mle. Aliyeongoza ni Mwenyekiti wa tawi la chama pale kazini, bwana mmoja mwenye sauti nzito na suti ya mikono mifupi ya tetroni, rangi ya ugoro. Saa nne hiyo, anaingia na gazeti lake, anavuta kiti anakaa chini ya kiyoyozi, anachukua kidude kimoja mezani anakizungusha vidoleni huku anasoma. Kuna siku aliniuliza kinafanya nini. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukizungusha. Nani angemwambia Mwenyekiti weka chini?

Kazi ya bodi mpya walipewa wanawake wawili, kwa sababu ya vidole vyembamba. Mie na Asteria.

Asteria alitoka Masasi. Binti mrefu, mpole, mikono yake ukiitazama ikifanya kazi unasahau kula. Alikuwa bado kwenye majaribio, hajathibitishwa, na mshahara ule ule ndio uliokuwa unamlisha mtoto wake aliyemwacha kwa mama yake na kumsomesha mdogo wake wa kiume. Alipanga chumba Tandika. Alikuwa na sketi moja ya kazi, ya kijani, ya tetroni, na viatu vya raizoni, vile vya soli nene vilivyokuwa fasheni. Watu walidhani ana maringo. Kumbe hesabu yake ilikuwa nyingine. Tetroni unaifua jioni kwa maji matupu, asubuhi imekauka na haina mkunjo. Pamba inataka sabuni, inataka pasi, na pasi inataka mkaa. Yeye alitaka kila siku aonekane mtumishi wa kueleweka mpaka siku watakapomthibitisha.

Mie nilikuwa na gauni la pamba nililoshona kwa kanga, na miguuni nilikuwa peku. Si kwa elimu yoyote. Mama alinilea kwamba chumba cha watu huingii na kandambili, na chumba kile kilikuwa cheupe mno. Nilikuwa naziacha mlangoni.

Kila fundi alikuwa na alama yake. Ukimaliza bodi unaidondoshea tone la rangi ya kucha kwenye kona, ili ikirudi ijulikane ilipita kwa nani. Mie tone jekundu, Asteria tone la bluu. Bodi zote zikitoka pale zinafanya kazi, tunaita na tunajibiwa. Zinasafiri. Baada ya wiki chache zikaanza kurudi, zimekufa. Tunazifungua, tone la bluu. Nyingine, bluu. Nyingine tena, bluu. Hakuna kilichoungua, hakuna harufu. Mzee Likongo alinusa mpaka akapiga chafya.

Zama zile, wanangu, kitu kikiharibika hakisemwi kimeharibika. Inasemwa kimehujumiwa. Vidude vile vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni nchi haikuwa nazo. Mwenyekiti akaitisha mkutano ukumbini. Akasimama akasema ndugu zangu, kikulacho ki nguoni mwako, tunaye mtu humu ndani anayeua redio za hospitali zetu, na anaziua kwa ujanja, zikifika mbali. Hakumtaja. Alimtazama Asteria tu, ikatosha. Akatoa muda mpaka mkutano wa Ijumaa inayofuata: ama mafundi waeleze kwa nini vidude vinafia mkononi mwa mtu mmoja, ama mtu huyo afukuzwe kazi na jina lake lipelekwe kwa wanaoshughulika na wahujumu.

Kufukuzwa ni jambo moja. Kuitwa mhujumu ni jambo jingine kabisa, nani atakuajiri tena? Nilimkuta Asteria kule chooni kaegemea ukuta, hata kulia hawezi. Akaniuliza, dada Mwanahawa, na wewe unaamini? Nikamwambia mie nimekaa na mikono yako kila siku, nitaaminije ujinga. Lakini wallahi nilikuwa naogopa. Maana tone lilikuwa la bluu kweli.

Mzee Likongo alikasirika, na akikasirika anafikiri vizuri. Akasema hatuwezi kusema si wewe, hatujui. Kwanza tujue zinakufa na nini. Tukabadilishana solda, labda yake ina joto kupita kiasi. Tukapima, ziko sawa. Tukatazama boksi la vipuri, ni lile lile tunalochota wote wawili. Wakati huo kuna waliokuwa wanasema Asteria ana mkono wa kisirani, akanyweshwe kombe la dua. Mzee akasema sawa, lakini kombe litaeleza ni mguu upi wa aisii uliokufa? Shida yetu kubwa ni kwamba bodi inakufa baada ya wiki. Ijumaa haitusubiri. Tulihitaji kitu kitakachosema papo hapo.

Kitu chenyewe tulikuwa nacho rafuni, kinatupigia kelele, na hatukijui.

Mzee Likongo alikuwa na redio ndogo ya betri, ya kusikilizia taarifa ya habari ya saa saba. Tangu alipoihamishia Chumba cha Ulaya ilikuwa na ugonjwa. Mtangazaji anasema vizuri, ghafla tak. Anaendelea, tak. Mzee alikuwa ameshaifungua mara kadhaa, kakaza betri, kasafisha swichi, na aibu ilikuwa inamla, fundi mkuu kashindwa na redio yake mwenyewe. Siku ile tumekaa kwa huzuni tunasikiliza habari za mavuno ya pamba. Asteria akainuka kwenda kuchukua kipuri kwenye kabati la chuma. Alipogusa mlango wa kabati, tak. Akarudi akakaa. Baadaye akainuka tena, kabati, tak.

Nikamwambia mzee, redio yako inamtaja Asteria.

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Kisha akazima solda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi. Akamwambia Asteria akae, ainuke, aguse kabati. Tak. Tena. Tak. Mwanahawa na wewe. Nikakaa, nikainuka, nikagusa. Redio kimya, mtangazaji anaendelea na pamba yake. Nikarudia. Kimya. Mzee akaanza kutembea mle ndani anajisugua kipara, macho yanang'aa. Tukabadilishana stuli. Mlio ukabaki kwa Asteria. Tukahamisha redio upande wa pili. Mlio kwa Asteria. Masikini, kila tak alikuwa anajikunja kama anapigwa.

Mzee akasema ana nini huyu ambacho wewe huna? Nikamtazama Asteria kuanzia juu. Nywele kasuka, na mie nimesuka. Mikono mitupu, na mie mitupu. Nilipofika kiunoni nikasimama. Nikamwambia Asteria, njoo stoo.

Wanangu, mie ni mfupi na nilikuwa na mwili. Kuingia ndani ya ile sketi ilikuwa kazi ya wawili, mmoja avute na mwingine aache kupumua. Na vile viatu vya raizoni sikuwahi kuvaa. Nikatoka stoo natembea nimeshika ukuta. Mzee Msengi, mtunza stoo wetu, mtu mzima wa Singida asiyechekaga, aliniona akageuka kutazama ukuta, mabega yanamtetemeka. Asteria nyuma yangu, peku, ndani ya gauni langu la kanga lililomfika magotini.

Nikakaa kwenye stuli. Nikainuka. Nikanyoosha kidole kwenye kabati, na kabla sijaligusa vizuri nikahisi kitu kama sisimizi kaniuma nchani, na redio ikasema tak.

Asteria akakaa, akainuka, akagusa. Kimya. Akagusa tena kwa mikono yote miwili. Kimya. Akacheka, mara ya kwanza wiki ile, akaendelea kuligusa lile kabati kila upande kama kalinunua. Halafu kicheko kikamkauka. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Kwa hiyo ni mie kweli," akasema. "Mie ndiye niliyeziua."

Sote tuliliona hilo. Tulikuwa tunatafuta kumtoa, na tumekwenda kuthibitisha kwamba mkono ni wake.

Aliyetufungua ni Mzee Msengi, ambaye alikuwa bado kasimama mlangoni anajifuta machozi ya kicheko. Akasema lakini hiyo mbona kwetu ni kawaida. Singida wakati wa kiangazi, baridi kavu, ukivua sweta la nailoni gizani unaona cheche, na ukimshika mwenzako mkono mnashtuana. Watoto wanachezea. Akashangaa kwamba sie watu wa pwani hatujui. Tutajuaje? Hewa ya Dar imejaa maji, nguo zetu zinatoka jasho hata zikiwa kambani. Umeme wa kusuguana nguo ukizaliwa hapa, unatambaa kwenye unyevu unapotea. Mzee Likongo akatazama juu, kwenye kiyoyozi, na maji yanayodondoka nje kupitia mpira wake, ndoo nzima kwa siku. Yale maji yalikuwa yanatolewa kwenye hewa yetu. Akasema, basi jamani, tumeletewa Singida ndani ya Temeke.

Huo ndio mnaouita umemetuli. Tetroni, ndugu wa nailoni, inasuguana na mto wa plastiki, mwili unajaa, soli nene haziuachii umeme ushuke ardhini, na kitu cha kwanza kuguswa ndicho kinachoupokea. Kabati la chuma likipokea, inaruka cheche ndogo, redio inaidaka, tak, na kabati halijali. Aisii ikipokea inajeruhiwa ndani kwa ndani. Na hapa ndipo mnaponikoseaga adabu mkisema mbona imewaka. Mara nyingi haifi papo hapo. Inawaka, inasafiri, na kidonda chake. Inakufa Tunduru. Wala hutasikia mwiba kidoleni kila mara, kuna umeme mdogo ambao mwili hauhisi kabisa na aisii inauhisi. Mie peku yangu kwenye sementi ilikuwa inaumwaga chini bila mie kujua.

Mzee Likongo akamgeukia Msengi, akamuuliza hivi vidude vilifika vimefungwa na nini. Msengi akasema vilikuwa vimechomekwa kwenye sifongo nyeusi. Iko wapi? Akawa mdogo. Wanangu, wakati huo dodoki zuri lilikuwa mali. Yeye aliona sifongo safi inakaliwa na vidude, akavichomoa, akavitia kimoja kimoja kwenye vifuko vya nailoni kwa heshima, na sifongo akatugawia wafanyakazi tukasugulie masufuria. Kwetu kilikuwapo kipande, mama alikuwa akikilalamikia kwamba kinaacha weusi. Weusi ule ndio ulikuwa dawa. Ile sifongo inapitisha umeme, inaiunganisha miguu yote ya aisii iwe kitu kimoja, umeme ukija unapita nje yake. Tulivivua vidude ulinzi wake, tukavivika nailoni, yaani adui. Msengi wa watu hakula siku ile. Alikuwa katunza kwa moyo wote, kama Asteria na sketi yake.

Ijumaa ikafika, na mvua ya masika ikafika nayo. Tukaingia ukumbini na redio, kiti cha plastiki, kipande cha bati, na Asteria ndani ya sketi yake. Ukumbi umejaa, madirisha wazi, watu wameloa, joto la mvuke. Mzee Likongo akaeleza vizuri sana. Kisha akamwambia Asteria akae, ainuke, aguse bati.

Redio kimya.

Tena. Kimya. Asteria akajisugua kitini mpaka watu wakaanza kucheka. Kimya. Unyevu, jamani, ukumbi mzima ulikuwa maji matupu, tuliujua na hatukuukumbuka. Mwenyekiti akangoja kicheko kiishe. Akasema redio yenu imenyamaza, na nyie sasa nyamazeni, tupige kura.

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasimama nikasema Ndugu Mwenyekiti, vidude havikufia humu, vimefia kule kwenye baridi. Twende tukapime palepale vilipofia. Kuna walioguna. Lakini Mwenyekiti alikuwa anatoka jasho ndani ya ile suti, na ukimwambia habari ya kiyoyozi huwezi kumkosa. Akasema haya, wajumbe wa kamati tu, na iwe haraka.

Tukaingia Chumba cha Ulaya, wajumbe wamejibana ukutani wanafurahia ubaridi. Mzee Likongo akaweka redio rafuni, akatuomba tukae tungoje kidogo nguo zikauke. Asteria kwenye stuli yake. Mwenyekiti akavuta kiti chake pale pale pa kila siku, chini ya kiyoyozi, akajifuta shingo, akajinyoosha, akageuka huku na huku. Mkono ukaenda wenyewe mezani, ukachukua kidude, ukaanza kukizungusha. Tukangoja. Mtangazaji anasoma matangazo ya vifo. Mwishowe Mwenyekiti akachoka kungoja, akainuka, akaegemeza mkono kwenye kabati.

Tak.

Mlio mkubwa kuliko yote tuliyowahi kusikia, ukameza jina la marehemu. Mwenyekiti akavuta mkono. Wajumbe wote wakamgeukia Asteria. Asteria alikuwa amekaa, mikono mapajani, hajagusa kitu.

Mzee Likongo, na nilijua anajizuia asicheke, akasema kwa upole, "Ndugu Mwenyekiti, hebu kaa tena."

Akakaa. Akainuka. Akanyoosha kidole polepole, anakitazama. Tak. Hakuambiwa, akarudia mwenyewe. Tak. Nami nikaona uso wa mtu mzima unageuka wa mtoto, kasahau kamati, kasahau wahujumu, anataka kujua. Ndipo mjumbe mmoja, mama wa jikoni, akauliza kama kwa bahati tu: na hicho mkononi? Mwenyekiti akatazama kiganja chake cha kushoto. Aisii ilikuwa bado imo. Wote mle ndani tulikuwa tumemwona kila asubuhi anazizungusha, na sote tulijua meza ile ya chini ya kiyoyozi ndiyo benchi la Asteria.

Akaiweka mezani taratibu sana. Akauliza, "Na hiki nacho kimekufa?"

Mzee Likongo akamwambia hatujui, na huo ndio ubaya wake, tutajua kikishafika hospitalini.

Mwenyekiti akasema ndugu Asteria aendelee na kazi. Hakuomba radhi, watu wa zama zile hawakuombaga, lakini sauti ilikuwa imepungua uzito. Asteria alilia mpaka kwikwi, na mie nikalia, na Msengi akajifuta macho akasema ni vumbi, mle kwenye chumba kisicho na vumbi.

Baada ya hapo tulianza kujifunza. Sifongo zilirudishwa kutoka majumbani, yangu ikiwa na ukoko wa wali na harufu ya samaki. Mzee akazikataa, akasema hizi sasa zipeleke jikoni moja kwa moja. Tukaanza kukusanya ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara, kila mvutaji anatuletea, tunafungia miguu ya aisii humo. Ilifanya kazi. Stuli tukazivika kanga. Asteria nikampa gauni la pamba, na mkaa wa pasi tukawa tunachangia.

Na mkanda, ule mliotundika msumarini, sie tulitengeneza wenyewe. Nilikuwa na bangili ya fedha ya bibi yangu. Tuliichomelea waya, waya ukaenda kwenye bomba la maji la chuma lililopita ukutani mle chumbani, Asteria akaivaa. Lakini sikieni hili, hata kama mengine mtasahau: Mzee Likongo hakukubali waya mtupu. Katikati aliweka rezista ya megaomu moja. Umemetuli unapita polepole na kwisha, lakini siku mkono wako mwingine ukigusa umeme wa ukutani kwa bahati mbaya, rezista ile inaubana usije ukakuua. Anayejifunga waya mtupu kwenye bomba amejifunga kitanzi. Kama huna mkanda, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa bodi, tena na tena, shika bodi kwenye kingo, ilaze kwenye ubao au karatasi kavu kuliko kwenye nailoni. Na hiyo jezi ivue. Bangili yangu Asteria hajanirudishia mpaka leo. Alithibitishwa nayo, akawa fundi mkuu nayo, amestaafu nayo. Nikimdai anasema nije niifungue mwenyewe mkononi.

Mwenyekiti tulidhani hatatia mguu tena mle ndani. Jumatatu, saa nne, tukasikia hodi mlangoni. Hakuwahi kupiga hodi. Kaingia na gazeti lake, miguu peku, viatu kaviacha mlangoni pembeni ya kandambili zangu. Akavuta kiti. Mkono ukaenda mezani, kama kawaida yake.

Asteria hakuinua hata macho kwenye solda. Akasema, "Ndugu Mwenyekiti, shika kwanza bomba."

Akashika.